Miti Niliyowapandia Wanangu

Siku ya kwanza niliposhuka chemchemini na mama mkwe wangu, alinifundisha mambo mawili. La kwanza, chungu chenye masizi hakifiki pale; maji huchotwa kwa chombo kilichooshwa. La pili, ndoo haiondolewi chini ya mlizamu, pale maji yanapochuruzikia, mpaka salamu ziishe. Ukikuta watu wanne unasalimiana na wote wanne, na salamu za Kishambaa si za kutupiana njiani. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mume, mbuzi, mahindi, yule mgonjwa wa juzi, nawe unarudisha kwa mpangilio uleule. Nilikuwa mwalimu mgeni wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na haraka zangu zote. Nikifika katikati ya salamu nikitupa jicho, naona ndoo imeshajaa na inamwagika. Nilikuwa nakanyagakanyaga tope kwa hamu ya kuinua ndoo, na mama mkwe ananibana kwa macho nitulie.

Chemchemi ipo chini ya mkuyu, kwenye pembe ya shamba la ukoo wa mume wangu, njia ya kwenda Lukozi ikipita juu yake na bustani za kabichi na karoti zikiwa chini. Ilikuwa ya ukoo kwa jina tu. Kitongoji kizima kilichota hapo, na sikuwahi kusikia mtu akiulizwa anachota kwa ruhusa ya nani. Kandokando ya maji ardhi ilikuwa nyeusi na nyevu mwaka mzima. Pembe ile ndiyo mume wangu aliyonikatia nilipopata mimba ya kwanza, ili nilime mboga zangu.

Lazima niseme nilivyokuwa nikiwaza siku hizo, maana bila hivyo mtu ataniona mjinga tu, na mimi nilikuwa mjinga mwenye cheti. Watu wakitaja kizazi kijacho, mimi niliwaza tumbo langu. Darasani nilikuwa na watoto tele, nikiwapenda kwa saa za kazi, lakini kengele ya mwisho ikilia walikuwa watoto wa watu. Nilikuwa na hofu. Nilizaliwa upande wa Soni, katika nyumba ya watoto wanane na kipande cha shamba ambacho hakikutosha hata wawili. Niliwaona kaka zangu wakiteremka Mombo, chini ya mlima, kutafuta kazi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na begi lake, na waliorudi walirudi kwa misiba. Nikajiapiza kwamba mwanangu hatateremka mlima huu mikono mitupu.

Huku mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa kwenye shina la mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Mimi niliona mgomba ni mdogo mno kwa mtoto wa mwalimu. Unazaa mkungu mmoja, unakatwa, basi. Nilitaka kitu kitakachosimama, kikue haraka kuliko mtoto, na siku ya kwenda sekondari kiwe mbao. Shuleni tulikuwa na kitalu cha miche na nilikuwa msimamizi wake, kwa hiyo mikaratusi niliifahamu. Inaota hata ukiisahau. Mwanangu wa kwanza alipotimiza siku arobaini, nilimfunga mgongoni nikapanda mstari mzima juu tu ya chemchemi, kwenye ardhi nyevu, ili isipate taabu.

Mama mkwe alinikuta nashindilia udongo kwenye mche wa mwisho. Hakuwa mtu wa kelele. Alisimama akauangalia mstari mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, miti hii umeileta wewe?"

"Ndiyo mama. Ni ya mjukuu wako."

"Basi mpandie mjukuu wangu kule mlimani, kwenye mawe. Mti huu hauna adabu. Unakunywa kabla ya wageni."

Nikamjibu kwa upole wa mtu aliyesoma, ule upole unaoudhi kuliko tusi: "Mama, haya mambo yana utaalamu wake."

Akasema, "Haya," akainua ndoo yake. Hakulirudia neno hilo tena maisha yake yote. Miaka mitatu baadaye binti yangu alipozaliwa nilipanda mstari wa pili, safari hii chini ya ule wa kwanza, karibu zaidi na maji, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umekua vizuri mno hata nikaona aibu kumpa msichana mahali pabaya kuliko kaka yake.

Miti ilikua kweli. Ukungu wa kipupwe ukishuka, vilele vyake vilipotelea humo, na wageni walikuwa wakiniuliza ni msitu wa nani. Tulijifukiza majani yake kwa mafua, tulipikia matawi yake, na mbao za mavuno ya kwanza ziliezekea nyumba yetu ya bati. Bati nalo likaleta mfereji, mfereji ukaleta tangi kubwa la plastiki, na tangi likaniondoa chemchemini. Nilikuwa na watoto wawili, madaftari ya kusahihisha, na maji mlangoni. Nilisema ni maendeleo, na mtu yeyote angesema hivyo.

Mama mkwe hakunywa maji ya tangi. Aliendelea kushuka na ndoo yake ndogo, na nilianza kuona anachelewa kurudi. Nilidhani ni magoti. Siku moja nilimwambia, "Mama, unachelewa siku hizi." Akanijibu, "Salamu zimekuwa nyingi," nami nikacheka, nikaona bibi anapenda umbeya.

Mwanangu wa kwanza alikuwa amekwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, na sehemu ya mstari wake ndiyo iliyompeleka. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilijiona nimeshinda. Wakati huo huruma yangu kwa watoto ilikuwa imebadilika, na sijui niiite nini. Ilikuwa imegeuka ukali. Nilikuwa mwalimu niliyeogopwa kuliko wote shuleni, na niliamini ukali ule ni upendo kwa watoto wa wenzangu: wanangu niliwapa miti, hawa nawapa fimbo ili wafike. Samaki mkunje angali mbichi, nilikuwa nikiwaambia wazazi mkutanoni, nao walitikisa vichwa kukubali. Wiki ya zamu yangu nilisimama langoni tangu saa moja kasoro, na aliyefika baada ya kengele alikula fimbo mbili za mkononi, awe nani awe nani.

Kulikuwa na msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye kovu dogo la moto shavuni, ambaye hakukosa kwenye mstari wa wachelewaji. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wengine walijitetea, walilia, walisingizia mdogo mgonjwa. Yeye alinyoosha mkono, akapokea zake mbili, akasema "Asante mwalimu" kama tulivyowafundisha, akaenda darasani. Nilimwona jeuri. Mtu asiyejitetea, nilifikiri, ni mtu asiyejali. Niliwahi kumwambia mbele ya wenzake kwamba usingizi utamwozesha mapema.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, na mwezi wa pili tangi letu lilikauka. Ilikuwa wiki ya zamu yangu. Niliamka alfajiri, nikachukua ndoo, nikashuka chemchemini ambako sikuwa nimekanyaga kwa miaka kadhaa. Nilitarajia kukuta watu wawili watatu, nisalimie, nichote, niondoke.

Nilikuta foleni. Ndoo zilikuwa zimepangwa kuanzia kwenye mkuyu hadi karibu na njia, na pembeni watoto wamechutama, mikono wameibana kwapani kwa baridi. Karibu wote walikuwa wasichana, na karibu wote niliwajua kwa majina na kwa namba za mahudhurio. Chini ya mlizamu ndoo moja ilikuwa imetegwa. Maji hayakuwa yakitiririka. Yalikuwa yanadondoka, tone, kisha kimya, kisha tone. Na juu yetu mikaratusi yangu ilisimama mistari miwili, minene, imeshiba.

Wakainuka wote. "Shikamoo mwalimu!" Niliitikia, tukasalimiana zote, na kwa mara ya kwanza maishani salamu ziliisha na ndoo ikawa hata haijafunikwa kitako.

Msichana mwenye kovu alikuwa wa mbele, anayefuata. Nilimuuliza amefika saa ngapi. Akasema, "Kabla ya jogoo, mwalimu." Kisha akasogeza ndoo yake nyuma kwa mguu, akanyoosha mkono kunionyesha mlizamu.

"Tangulia mwalimu. Utachelewa zamu."

Nikatangulia. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo, na nimeandika kurasa hizi zote ili nifike hapa nipaseme. Sikusema hapana. Sikusema, basi ngoja tugawane. Niliweka ndoo yangu mbele ya ndoo ya mtoto wa miaka kumi na moja, nikasimama tone kwa tone mpaka ikafika nusu, nikaondoka nayo. Njia nzima ya kupanda sikugeuka nyuma. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, na nilikuwa nikijitahidi kutokielewa.

Saa moja na nusu kengele ikalia. Nilikuwa langoni na fimbo yangu. Wakaja mmoja mmoja wale wa foleni, wengi wameacha ndoo tupu zikingoja zamu, miguu ina tope la chemchemi, na wa mwisho alikuwa yeye, aliyebaki kujaza yake, anahema, sketi imelowa upande mmoja. Akajipanga, akaniangalia usoni mara moja tu, si kwa ubaya. Nadhani alifikiri kwamba leo mwalimu anajua.

Nilimchapa. Nilimchapa yeye na wenzake wote. Ningemwacha yeye ningewaacha wote, na ningewaacha wote walimu wenzangu wangeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema ni miti ya nani. Akapokea mbili zake, akasema, "Asante mwalimu," akaenda darasani.

Tangu siku hiyo sikukosa sababu. Nilisema ni kiangazi. Masika yakaja, mlizamu ukatiririka kidogo, nikasema mnaona? Nilisema dunia imebadilika na mvua hazieleweki, jambo ambalo ni kweli, na kweli ni kificho kizuri kuliko uongo. Nilisema binti yangu bado hajamaliza shule na mstari wake haujakomaa. Hili nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa na watoto wangu upande mmoja na watoto wote waliobaki upande wa pili, na nilichagua kila asubuhi nilipoamka, bila kusema kwa mdomo kwamba nachagua. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, tukila, kama tupunguze mstari wa chini. Nilimjibu vibaya.

Mama mkwe alilala kitandani mwaka uliofuata, na hakuinuka. Siku moja alasiri aliomba maji, akataja chemchemi. Nikamtuma mtu ashuke. Saa ikapita, ya pili ikapita, aliyetumwa hajarudi, na mgonjwa anaomba. Nikachota kikombe kwenye tangi, nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Alishikilia maji yale mdomoni kidogo kabla ya kumeza.

"Haya yamelala kwenye bati," alisema.

Nilitaka kumwambia, mama nisamehe. Nilimfuta mdomo tu, nikamlaza. Alifariki wiki hiyohiyo, na pale msibani wanawake waliochota maji ya kupikia waligawana zamu usiku kucha kusubiri mlizamu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama vibaya. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la wenzangu.

Msichana mwenye kovu alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akaolewa palepale kitongojini. Wanangu walifaulu. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine yuko Tanga mjini, na wote wana kazi za kukaa kwenye kiti. Nilipata nilichokipandia. Wakija Desemba na watoto wao, wajukuu wangu wanavaa majaketi ndani ya nyumba, wanatafuta mtandao kwenye kona za ua, siku ya nne wanauliza tutaondoka lini. Siwalaumu. Ndivyo nilivyotaka: wasiuhitaji mlima huu. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu asiyekuhitaji anakuja kukuona kwa ratiba.

Mume wangu alipofariki nilikuwa nimeshastaafu, na nyumba ikawa kubwa. Kustaafu ni jambo la ajabu kwa mwalimu. Miaka zaidi ya thelathini watoto wanapita mbele yako kama wa watu, halafu unaachwa peke yako, na hao ndio unaowaona. Wanapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi, na madumu yao, wakishuka kwenye kijito cha chini kabisa, kule ambako maji yamepita kwenye bustani za karoti na dawa zake zote. Hawanijui. Nyuso nazijua, kwa kuwa niliwafundisha mama zao. Nikajikuta nawahesabu. Nikajikuta siku akikosekana mmoja napata wasiwasi, na mjukuu wangu wa damu akiwa na homa Dar naambiwa baada ya wiki, ameshapona. Moyo ulihama wenyewe bila kuniomba ruhusa. Ulichelewa kuhama, basi.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, nilimpigia simu mwanangu nikamwambia naikata miti yote.

"Shikamoo mama. Miti ipi?"

"Marahaba. Yenu. Mistari yote miwili, na iliyochipua humo."

Akaanza kwa sauti yake ya ofisini. Alisema kwamba ile ni kumbukumbu. Alisema ameshawahi kuwaonyesha wanawe picha, akawaambia huu mstari ni baba yenu. Akasema labda ipunguzwe, labda tusubiri bei. Mwisho akasema, na sauti ikawa ya mtoto, "Mama, si ulitupandia sisi?"

"Niliwapandia nyinyi," nikamwambia. "Na nyinyi mmeshakunywa."

Hakunipigia kwa wiki tatu. Binti yangu alipiga, akalia kidogo, akauliza kama naumwa.

Wapasua mbao walikaa siku sita. Pembe ile ikabaki wazi, na mkuyu, ambao miaka yote ulikuwa umefichwa, ukaonekana jinsi ulivyokonda. Nilidhani sasa ni kusubiri tu. Lakini nilikuwa nimesahau niliyofundisha mwenyewe kitaluni: mkaratusi ukiukata hujaua kitu. Baada ya mwezi kila kisiki kilikuwa na machipukizi, kumi, kumi na tano, mekundu, yana afya. Kwa hiyo kila Jumatatu nashuka na panga, nakaa chini kwenye kila kisiki, nayakata. Jumatatu inayofuata yamerudi. Nimeambiwa visiki huchoka, kwamba ukivinyima majani miaka kadhaa mizizi hufa. Nina miaka sitini na saba na magoti ya mama mkwe wangu. Nashindana na kitu nilichokipanda mwenyewe, na kitu hicho ni kijana kuliko mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kisiki cha saba aliposhuka yule msichana mwenye kovu. Si msichana tena. Ana mwili, ana kitenge kizuri, ana binti wa miaka sita anayemfuata nyuma na kidumu cha mafuta cha lita tatu kichwani. Mtoto huyo anaanza darasa la kwanza Januari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Tukasalimiana zote. Zilipoisha nilibaki nimekaa chini, panga mapajani, na nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia kuhusu asubuhi ile, ndoo yake aliyoisogeza kwa mguu, na zile fimbo mbili. Nilimwambia kwamba nilijua. Nilimwambia anisamehe.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akacheka kwa heshima, mkono mdomoni.

"Jamani mwalimu! Hayo ya zamani bado unayabeba? Ulikuwa unatuchapa wote. Hata sikumbuki ni siku ipi." Akafikiri kidogo. "Na mimi nakushukuru. Fimbo zile ndizo zilinifundisha kuamka."

"Hukuwa umelala. Ulikuwa hapa."

"Ndiyo, lakini ningeamka mapema zaidi ningewahi." Alisema hivyo bila uchungu wowote, akamgusa binti yake begani. "Huyu nimeshaanza kumwamsha na mimi saa kumi. Azoee kabla ya Januari, asije akachapwa."

Ningependa angenitukana. Angenitukana ningejua kwamba ubaya ule ulibaki kwangu, kwamba ulikuwa na mwisho. Lakini alikuwa ameupokea kama malezi, ameukunja vizuri, sasa anamkabidhi mwanawe.

"Pumzika mwalimu," akaniambia akiondoka. "Jua linakuja. Sisi maji ya chini tumeshazoea."

Juzi asubuhi nilishuka tena, ingawa haikuwa Jumatatu. Mtoto alikuwa pale peke yake. Mama yake nilimwona chini kwenye karoti, ameinama. Kumbe ameambiwa na nani sijui kwamba zamani watu walikuwa wakichota hapa, akaja kujaribu. Ameweka kidumu chake chini ya mlizamu, amekiegemeza kwa jiwe kisianguke. Tone lilidondoka. Nilingoja la pili, likaja, na kwa masikio yangu sikuweza kusema kama limewahi kuliko la mwaka jana.

Akaniona. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Nilimuuliza kwa Kishambaa, zote, kama nilivyofundishwa mahali pale. Nilimuuliza mama, baba, mbuzi, kuku anayeatamia, karoti, jino lililong'oka mbele na liko wapi sasa. Alinijibu moja moja kwa makini. Kisha akanigeuzia, maana amelelewa vizuri: magoti yangu yameamkaje, na watoto wangu.

"Hawajambo," nikasema. "Wako mbali."

Salamu zikaisha. Tukainama pamoja kuchungulia kidumuni. Maji yalikuwa yamefunika kitako, kiasi cha kucha ya kidole. Ng'ambo ya bonde kengele ya shule ikalia, na mtoto akageuza kichwa kuisikiliza, ingawa bado haijawa yake.

"Bado, bibi," akasema.

"Bado," nikamwambia. "Tuanze tena."

Akarudisha mikono nyuma, akaniamkia upya.